Programu Iliyokatazwa Kuhesabu Ng'ombe

Vijana wangu, mkija hapa Matasia kununua miche, wengi wenu mnakuja na laptopu kwapani na swali moja mdomoni: "Mzee, tuanze na lugha gani?" Hilo "mzee" silipendi sana, maana bado niko kwenye miaka ya arobaini, lakini nimelizoea. Niliacha kazi ya kuandika programu macho yalipoanza kudai haki yao. Nilipomwambia mama yangu kule Bungoma kwamba nimestaafu, alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Umestaafu na hata mvi hazijapata kiti?" Nikamweleza kwamba kazi yetu huzeesha watu kama mpira, si kama ualimu. Sasa nauza miche ya parachichi na michungwa, na mpaka leo hakuna mche uliokataa kuota eti nimesahau nukta-mkato mwisho wa mstari.

Jibu la swali lenu ni refu kidogo. Vuteni ndoo mkae.

Mimi sikwenda chuo kikuu. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kompyuta Kitengela kwenye chuo cha chumba kimoja juu ya kinyozi. Tulifundishwa Pascal wakati dunia ilikuwa imeshaiacha, yaani ni kama kuelekezwa vizuri sana kwenye nyumba ambayo wenyewe walihama. Lakini niliipenda. Hata sasa nikisikia mashine ya kunyoa inalia, vidole vyangu vinataka kuandika "begin".

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuhama. Nimepanga Kiserian, nimepanga Isinya, nimepanga Kajiado mjini nyuma ya soko la mifugo ambapo kengele yangu ya asubuhi ilikuwa mbuzi. Lugha za programu nazo nilizihama vivyo hivyo. Na mtu wa kuhama hujifunza jambo moja: ukifika mji mpya, usianze kwa kuuzunguka wote. Tafuta kwanza mahali pa kununua maziwa. Ukijua maziwa yanauzwa wapi utajua njia, utajua majirani, utajua nani wa kumwamini. Kwa lugha za programu, maziwa yangu ni swali moja dogo:

Una mfuatano wa herufi wa asubuhi, na mfuatano mwingine wa jioni. Ule wa jioni umechanganyika, haufuati mpangilio wa kwanza. Tafuta herufi iliyokuwepo asubuhi ambayo jioni haipo.

Basi. Mtoto wa darasa la nne analiweza kwa kidole na penseli. Mimi nimelitatua katika kila lugha niliyoingia, na kila mara lugha imenionyesha tabia yake kabla sijasoma kitabu chake. Lakini swali hilo sikulitoa kitabuni. Nililipata kwa ng'ombe, na lilibaki kidogo tu lifunge ofisi yetu.

Ofisi ilikuwa Kitengela, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara ya Namanga. Mabati yakishushwa chini, sisi juu tulikuwa tunaacha kuongea na kutazamana tu mpaka yaishe. Mwenye ofisi alikuwa Were, mtu wa Busia, mnene, mpole, aliyeamini kwamba lugha ya C ndiyo Mungu alitumia siku ya kwanza. Tulimwita Bosi. Wafanyakazi tulikuwa mimi na Naisiae, msichana wa hapo hapo Kajiado, aliyeandika Python haraka kuliko mimi ninavyoandika jina langu.

Bosi ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuniruhusu kugusa kibodi kabla sijachora. Alikuwa akiomba karatasi za mifuko ya simenti kutoka dukani, anazikung'uta dirishani, upepo wa Kitengela unambebea vumbi mpaka usoni kwake mwenyewe, halafu anazitandaza mezani. "Chora hapa, Wafula. Herufi zikae kwa visanduku. Ukishindwa kuchora, hujaelewa. Na kama hujaelewa, hiyo kompyuta utaidanganya tu, na yenyewe itakudanganya zaidi." Nimefanya kazi na watu wenye ubao wa kioo na kalamu za rangi zote. Hakuna aliyenifundisha kuliko karatasi ile ya simenti.

Alikuwa pia na desturi aliyoiita swali la chai. Kila Ijumaa, kazi ikilegea, anatoa swali dogo la herufi. Geuza neno. Tafuta herufi ya kwanza isiyojirudia. Kila mmoja anatatua kwa lugha yake, na anayemaliza wa mwisho anapika chai ya wote na kuteremka kuleta mandazi. Mimi nilipika chai nyingi sana miaka ile. Mpaka leo wanaokunywa chai yangu wanaisifu, hawajui imetokana na ujinga.

Sasa, mwaka ninaousimulia kazi ilikuwa imekauka. Watu walikuwa wakitaka tovuti, wanaongea vizuri, wanapotea. Bosi akamwambia mwenye jengo kwamba mwisho wa mwezi huenda akarudisha ufunguo. Akifunga, yeye angerudi Busia kulima mihogo, na mimi na Naisiae kila mtu ashike njia yake. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja cha kutuokoa. Kikundi cha wafugaji karibu na Kajiado kilitaka programu ya simu ya kumwambia mfugaji, jioni ng'ombe wakiingia bomani, ni yupi hajarudi. Mwenyekiti wao alikuwa mjane, Mama Nashipae, na neno lake ndilo lilikuwa neno. Akikubali yeye, kikundi kizima kinaingia, na sisi tuna kazi ya mwaka mzima. Akikataa, mihogo.

Tuliitengeneza hivi. Kila ng'ombe alipigwa picha, na ndani ya programu kila picha ikapewa herufi yake. Asubuhi mchungaji anagusa picha za wanaotoka, jioni anagusa za wanaoingia. Kuna kitufe kingine chenye alama ya kuuliza, cha mnyama wa nje akiingia kwa bahati mbaya, tulikiita Mgeni. Kwa mchungaji ni picha. Kwa programu ni mifuatano miwili ya herufi, wa asubuhi na wa jioni. Ndilo swali lile.

Siku ya kwanza ya kumwonyesha Mama Nashipae, Naisiae alikuwa Namanga kwenye harusi ya binamu yake. Tukaenda mimi na Bosi peke yetu, Wabantu wawili na simu moja. Bosi alikuwa amejifunza salamu njia nzima. Tuliposhuka kwenye boda boda akasema "Sopa!" kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Mama akaitikia "Ipa" na kucheka kidogo. Alikuwa mama mrefu, shanga shingoni, miwani ya kusomea ikining'inia pamoja na shanga. Mwanawe Lemayian, mchungaji mkuu wa boma lile, alisimama kando akiegemea fimbo. Wazee wa kikundi walikuwa wamekaa vizuri kututazama.

Bosi alipenda kitu kikubwa. Alikuwa amenishurutisha kuweka, juu kabisa ya skrini, jumla ya ng'ombe wa asubuhi na jumla ya wa jioni, kwa tarakimu nene kama bango la mkutano. "Mteja akiona namba," alisema, "anaona kazi imefanyika."

Akamkabidhi Mama simu. "Mama Mwenyekiti, hapa tuligusa za asubuhi. Hapa za jioni. Sasa bonyeza hapo."

Mama akavaa miwani, akabonyeza. JUMLA, ikasema skrini, na namba ikakaa pale ikimeremeta.

Namba yenyewe sitawaambia. Mtaelewa kwa nini.

Lemayian aligeuza uso kama mtu aliyemfumania mkwe wake akioga. Mzee mmoja akanyanyuka, akaenda kutazama milima. Mama Nashipae alichukua pindo la shuka lake, akaifunika simu taratibu.

"Nani amewaambia mhesabu ng'ombe wangu?"

"Mama," Bosi akasema, jasho limeshaanza, "sio sisi. Ni kompyuta imehesabu."

"Hiyo kompyuta imezaliwa wapi?"

"China, Mama."

"Basi haina makosa, haijui. Na nyinyi mmezaliwa wapi?"

"Busia."

"Bungoma," nikasema mimi, kwa sauti ndogo.

"Mm." Akaturudishia simu ikiwa bado imefunikwa, ikabidi tuitoe kwenye shuka kama mtoto. "Kunyweni chai. Chai haina makosa. Lakini hiyo kitu irudi kwa mfuko."

Chai ilikuwa nzuri sana, na tuliimeza kama dawa. Tulipofika Isinya tukirudi, Bosi akanigeukia. Hapo akasema, "Wafula, unajua kupanda mihogo?"

Naisiae aliporudi ofisini tukamweleza. Alicheka mpaka akateremka kwenye kiti na kukaa chini, na mabati yakashushwa huko dukani na bado kicheko chake tulikisikia. Halafu akafuta macho na akawa mkali.

"Mlihesabu ng'ombe wa mtu? Mbele ya wazee? Kwa sauti?"

"Haikuwa kwa sauti," nikasema. "Ilikuwa kwa skrini."

"Kwa tarakimu ukubwa gani?"

Bosi akaonyesha kwa mikono. Naisiae akashika kichwa.

Akatufafanulia. Kwao ng'ombe hahesabiwi. Ukimhesabu ni kama unaita mkosi uje uchukue. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, na hakuna siku aliyotaja idadi yao, wala hakuihitaji. Jioni anasimama langoni, wanapita, yeye anawatazama nyuso, rangi, pembe, mwendo. Wa mwisho akipita anasema, "Yule mwekundu wa pembe moja yuko wapi?" Alikuwa haulizi ni wangapi wamerudi. Alikuwa anauliza nani hajarudi. "Na hilo," Naisiae akasema, "ndilo swali walilotupatia. Nyinyi mkajibu lingine."

Hapo hapo akachukua simu akampigia Mama Nashipae. Waliongea Kimaasai muda mrefu, na sisi tulishika tu "yeyo" hapa na pale, yaani mama, na kicheko. Alipokata tukamwangalia kama wagonjwa wanaomwangalia daktari.

"Amesema twende Jumamosi jioni ng'ombe wakiingia. Nafasi ni hiyo tu."

"Amesema nini kingine?"

"Amesema mkihesabu tena, yeye atawahesabu nyinyi."

Bosi akatamka polepole, "Hiyo sijui maana yake, lakini sitaki kujua."

Ijumaa ikafika, na swali la chai safari hii lilitolewa na Naisiae. Akaandika kwenye karatasi ya simenti: tafuta asiyerudi, bila kuhesabu. Masharti yake yalikuwa makali. Hakuna jumla. Hakuna urefu. Hakuna namba yoyote, si kwenye skrini, si ndani ya tumbo la programu. Anayeshindwa anapika chai.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, nyinyi wa lugha gani, lugha gani.

Bosi akaanza na C. C ni lugha ya kujichinjia mbuzi mwenyewe: kisu ni chako, ngozi ni yako, na ukijikata ni shauri lako. Kwa kawaida unatembea juu ya herufi kwa kuhesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sharti likamkataza. Akakuna kichwa, kisha uso ukang'aa. Akaweka mshale kwenye herufi ya kwanza na kuuambia tembea mpaka ukutane na mwisho. Maana kwenye C kila mfuatano wa herufi umefungwa kwa alama ya sifuri.

"Mshale unatembea tu," akasema, "hauhesabu hatua."

Naisiae akainama kutazama. "Na hii sifuri mwishoni ni nini? Sio namba?"

"Hii? Hii si namba, mama. Huu ni ukingo wa boma. Ng'ombe wakifika hapa wanajua wamefika nyumbani."

Tulimpigia makofi. Halafu akataka kutuonyesha ujanja wake wa kale, ule wa kugonganisha herufi: kila ya asubuhi ikikutana na pacha wake wa jioni zote mbili zinayeyuka, na inayobaki peke yake ndiyo iliyopotea. Ujanja mtamu sana, nimewahi kuufundisha watu wengi. Lakini ukipotelewa na wawili, au mgeni akiingia, mabaki yao yanagongana yenyewe na unapata herufi ambayo si ya mtu yeyote. Naisiae alimuuliza swali hilo moja tu, na Bosi akakunja ujanja wake bila kinyongo, akarudi kwa mshale. Jifunzeni hapo: suluhisho zuri la mezani lazima ulipeleke malishoni kwanza.

Naisiae na Python yake alimaliza wakati mimi bado nafungua dirisha. Python ni kama hoteli unayonyooshea sahani kidole. Weka wa asubuhi kwa seti, yaani kundi lisilojali mpangilio, weka wa jioni kwa seti, toa hii kwa ile, kisha toa ile kwa hii ujue kama kuna mgeni. Mistari unaweza kuiandika kwenye kiganja. Na unapoisoma, inasema kile ambacho baba yake alisema langoni.

Mimi nilikuwa na PHP, lugha iliyonilisha miaka mingi, lugha ya soko la Kiserian: kila kitu kipo, ila kila muuzaji ana jina lake la kukiita. Nikapasua mifuatano yote miwili kuwa herufi moja moja, nikatafuta tofauti, safi. Lakini mstari wa kwanza kabisa, kwa mazoea tu, niliandika: urefu wa asubuhi ukilingana na urefu wa jioni, sema wote wamerudi, usijisumbue na mengine. Ni njia ya mkato ambayo kila mtu wa kazi yetu anaijua. Inaokoa muda.

Naisiae akaweka kidole hapo hapo. "Hii strlen inafanya nini?"

"Inapima urefu."

"Inapimaje?"

"Ina... Naisiae, hiyo iko ndani. Haionekani."

"Wafula, tunaenda kumwambia Mama kitu hiki hakihesabu. Sasa kinahesabu ama hakihesabu?"

"Kinahesabu kidogo tu."

"Basi tutamwambia hakihesabu, ila kidogo."

Bosi alikuwa upande wangu. Akasema njia ya mkato inaokoa betri, simu za malishoni hazina mahali pa kuchajiwa. Akasema Mama hatafungua programu kutazama utumbo wake. Tukabishana mpaka chai ambayo hakuna aliyepika ikawa inahitajika kweli. Mwisho Bosi akavua miwani akaitazama ile karatasi ya simenti. "Futa, Wafula. Kama tunaenda Busia, twende tukiwa tumesema ukweli." Nikafuta, nikinung'unika, na nikapika chai. Naisiae akaichukua ile njia ya seti akaihamishia kwenye JavaScript, maana ndiyo iliyokuwa ikiendesha programu ndani ya simu. JavaScript kwa haki ni jirani anayeazima kila kitu chako na kukirudisha kikiwa na sura nyingine, lakini siku ile ilikuwa na adabu.

Mnaona sasa kwa nini siwaambii muanze na lugha gani? Chukueni swali moja dogo mlipendalo, mlibebe kama mtu anayehama na sufuria moja. Lipikeni kila mahali. Nimelipika hili kwa Go nikiwa Ngong, nimelipika kwa lugha ambazo majina yake nimeshasahau. Siku hizi mnaandika ombi na mashine inawapa jibu kwa lugha yoyote kabla hamjameza mate. Vizuri, hata mimi nimeijaribu kwa kufurahia. Iliniandikia jibu safi, na mstari wake wa kwanza ulikuwa ule ule: urefu ukilingana, wote wamerudi.

Jumamosi tukashuka Kajiado wote watatu. Jua lilikuwa limelegea, vumbi la ng'ombe limeonekana kabla ya ng'ombe. Naisiae akainamisha kichwa kwa Mama Nashipae, akaguswa kichwani, wakasalimiana kwa kirefu. Wazee walikuwepo tena, hata yule wa kutazama milima. Lemayian akashika simu langoni. Asubuhi, kwa programu ambayo Naisiae alikuwa amemtumia, alikuwa amegusa picha za waliotoka, sasa akawa anagusa za wanaoingia, kidole kwa kidole, bila haraka, huku akiwaita kwa miluzi. Sikuwahi kuona mtu akitumia programu yangu bila kuuliza "sasa nibonyeze wapi?"

Wa mwisho akapita. Lango likafungwa kwa miiba. Lemayian akampa mama yake simu, mama akavaa miwani, akabonyeza.

Picha ya ng'ombe mmoja ikajitokeza, wa mabaka meupe na meusi. Sambu, hajarudi. Na chini yake: Kuna mgeni.

Bosi akanishika mkono akanivuta kando, kucha zimeingia. "Wafula, imekosea."

"Unajuaje?"

"Wote wako. Nimehesabu."

"Umefanya nini?"

"Kimoyomoyo! Asubuhi Lemayian alimtumia Naisiae picha wakitoka, nikahesabu. Sasa nimehesabu wakiingia. Ni sawasawa, hakuna pengo. Imekosea, tumekwisha." Na kabla sijamzuia akageuka, amevua kofia, mikono kifuani. "Mama Mwenyekiti, samahani sana. Programu yetu—"

"Nyamaza, Bosi," Naisiae akasema kwa sauti ya chini.

Mama Nashipae hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama skrini, na mabega yake yalianza kutikisika. Akavua miwani. Akacheka, kicheko cha mama aliyejaa furaha, akamwambia Lemayian jambo, na Lemayian naye meno nje akazunguka nyuma ya nyumba ya mabati. Akarudi akimvuta kwa kamba ng'ombe wa mabaka meupe na meusi, aliyekuwa anatafuna bila wasiwasi wowote.

"Sambu nilimficha mimi," Mama akasema. "Na yule mwekundu pale kona nilimwazima kwa jirani. Nilitaka kuona kama hii kitu yenu inaangalia ng'ombe ama inaangalia ile ingine."

Hakulitaja neno. Lakini mimi niliikumbuka strlen yangu. Mmoja ametolewa, mmoja ameingizwa: urefu ni ule ule. Ule mstari wangu wa mkato ungesema wote wamerudi, kwa furaha kabisa, na Sambu yuko nyuma ya nyumba. Nilimtazama Naisiae. Alikuwa ananitazama tayari, na alikuwa na adabu ya kutosema chochote mpaka tulipofika Kitengela. Kutoka hapo hakuacha kusema kwa miaka.

Wazee wakaitana kusogelea simu. Yule wa milima aliomba aonyeshwe tena Sambu hajarudi, akacheka, akaomba tena. Bosi bado alikuwa na kofia mkononi, hajui kama airudishe kichwani. Hakuna aliyekuwa amesema ndiyo.

Mama Nashipae akaingia zizi la ndama, akatoka amembeba ndama wa siku ile, bado miguu haijajua kazi yake, manyoya yamelala upande mmoja. Akamweka mbele ya Naisiae.

"Huyu amezaliwa leo. Mpige picha. Mpeni herufi yake, aingie na wengine. Halafu kesho mwende kwa dada yangu, yeye pia ako na ng'ombe, na majirani wote wa hapa."

Naisiae akapiga picha. Bosi akarudisha kofia kichwani, na kwa furaha ile ile akafungua mdomo. Mimi nilijua anataka kusema nini, maana niliiweka ile orodha ya herufi mwenyewe: herufi kubwa zote, herufi ndogo zote, na alama nyingine za kibodi, kila moja ilikuwa imeshapata ng'ombe wake. Wenye akili kati yenu msianze kupiga hesabu hapo.

"Mama," Bosi akaanza, "kuna shida kidogo, herufi zime—"

Naisiae akamkanyaga kiatu, na hakuuondoa mguu.

Bosi akamtazama ndama, akamtazama Mama, akawatazama wazee waliokuwa wakisubiri.

"Ziko nyingi, Mama," akasema. "Herufi ziko nyingi sana. Hata hatujui ni ngapi."